Bwana Gerrish na Reli ya Magogo

Wahenga walisema, Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mwanafunzi aketipo kwenye dawati lake hufikiri juu ya kitabu kilicho mbele yake, wala hafikiri sana juu ya ubao ulio chini ya kitabu. Lakini ubao huo una safari yake. Ulikuwa mti msituni, ukaangushwa kwa shoka na msumeno, ukawa gogo. Gogo likafika kiwandani, likapasuliwa. Katika kazi hizo zote, iliyowashinda watu kwa miaka mingi haikuwa kuangusha mti wala kupasua mbao. Ilikuwa kulitoa gogo msituni na kulifikisha kiwandani. Wanaume wawili wenye msumeno mzuri waweza kuuangusha mti mkubwa katika muda mfupi, lakini gogo moja la mti huo halichukuliki hata kwa wanaume ishirini.

Habari tutakayosoma hapa ni ya mtu mmoja wa Marekani, Winfield Scott Gerrish, aliyeitatua shida hiyo kwa kujenga reli katikati ya msitu mwaka 1877. Tutaona jinsi alivyofikiri, jinsi reli yake ilivyofanya kazi, na mambo yaliyoufikia msitu baada yake. Sehemu hiyo ya mwisho isomwe kwa makini, kwa kuwa ndiyo yenye mafunzo makubwa.

Michigan ni jimbo la kaskazini mwa Marekani, nalo limezungukwa na maziwa makuu. Moja la maziwa hayo, Ziwa Michigan, lakaribia ukubwa wa Ziwa Viktoria. Zamani nchi hiyo ilifunikwa na msitu mnene, na mti uliosifiwa kuliko yote ulikuwa msonobari mweupe. Mti huu hupanda juu, umenyoka kama mlingoti wa jahazi, na mingi ilifikia urefu wa futi 150. Mbao zake ni laini, nyepesi, tena hazisumbui seremala. Pamoja na sifa hizo una sifa nyingine iliyowapendeza sana wafanya biashara: gogo lake laelea vizuri majini.

Wenyeji wa nchi hiyo walikuwa Waojibwe, Waodawa na Wapotawatomi. Waliishi kwa kuvua, kuwinda, kulima na kukusanya mazao ya msitu. Katika mwaka 1836 wakuu wa Waodawa na Waojibwe walitia sahihi mkataba na serikali ya Marekani, na kwa mkataba huo sehemu kubwa ya nchi yao ikaondoka mikononi mwao. Baadaye ardhi hiyo iliuzwa vipande vipande kwa walowezi na kwa wenye biashara ya mbao. Watu wale hawakutoweka. Wazao wao wangali wakiishi Michigan hata leo. Lakini wakati msitu ulipoanza kuleta fedha nyingi, fedha hizo zilikwenda kwa watu wengine.

Kwa nini mbao zilitakiwa sana? Upande wa magharibi wa Ziwa Michigan kuna nchi tambarare ya majani, iendeleayo mamia ya maili, yenye udongo mzuri na miti michache. Walowezi walimiminika huko kwa wingi, na kila mmoja alitaka nyumba, ghala na uzio. Ng'ambo ya ziwa ulikuwapo mji wa Chicago, nao ulikua upesi kuliko miji mingi ya dunia. Tena mwezi wa Oktoba mwaka 1871 Chicago iliteketea kwa moto mkubwa, majengo zaidi ya 17,000 yakaangamia. Mji uliosimama kwa mbao ukahitaji mbao ili ujengwe tena. Kwa hiyo viwanda vya kupasulia mbao vilizidi kujengwa ukingoni mwa Ziwa Michigan, na hasa katika mji wa Muskegon, ulio mlangoni mwa mto uitwao kwa jina hilo hilo. Katika miaka ya 1880 mji huo ulikuwa na viwanda vya namna hiyo zaidi ya 40.

Sasa tutazame kazi ya msituni ilivyokuwa kabla ya reli. Miti ilikatwa wakati wa majira ya baridi. Huko kaskazini, miezi hiyo inapofika, maji ya mito na maziwa huganda yakawa barafu, na theluji hufunika nchi yote. Watu waliopata kuona kilele cha Kilimanjaro kwa mbali wameona theluji. Basi na wafikiri nchi nzima imefunikwa hivyo kwa miezi kadhaa. Wakata miti walikaa katika kambi za magogo, wakaamka kabla ya mapambazuko, wakafanya kazi mpaka giza liingie. Miti iliyoangushwa ilikatwa vipande vya futi 12 au 16, ndiyo magogo.

Magogo hayo hayakupakiwa katika magari yenye magurudumu, kwa maana magurudumu yangezama. Yalipakiwa juu ya sleji. Sleji ni gari lisilo na magurudumu, lenye miti miwili mirefu chini yake iliyochongwa na kutiwa chuma, ili iteleze juu ya theluji. Usiku watu walipita njiani na tangi la maji, wakayamwaga. Kulipokucha maji yamekwisha kuganda, na njia imekuwa barafu tupu. Juu ya njia kama hiyo farasi wawili waliweza kuvuta mzigo ambao farasi kumi wasingeuvuta katika matope.

Magogo yalilundikwa kwenye ukingo wa mto, kila gogo limepigwa alama ya mwenyewe kwa nyundo ya chuma, kama vile wafugaji watiavyo alama ng'ombe zao. Theluji ilipoyeyuka na mto kujaa, magogo yalisukumwa majini, nayo yakachukuliwa na mkondo mpaka Muskegon. Watu wenye viatu vya misumari waliyafuata, wakiruka kutoka gogo hili hadi gogo hili, wakiyasukuma kwa miti mirefu yasikwame. Kazi hiyo iliua watu wengi, maana aliyeteleza kati ya magogo mara nyingi hakuonekana tena. Huko chini, mlangoni mwa mto, kampuni iliyoundwa mwaka 1864 iliyapokea magogo, ikayachambua kwa kufuata alama zake, na kumpelekea kila mwenyewe yaliyo yake.

Mpango huo ulikuwa wa akili, walakini ulikuwa na udhaifu wa namna mbili. Udhaifu wa kwanza ni huu: ulitegemea theluji. Mwaka ambao theluji haikuanguka, sleji hazikwenda. Na sleji zisipokwenda, magogo yalilala msituni. Mwenye kambi amekwisha kununua chakula cha watu na majani ya farasi, naye anadaiwa mishahara, lakini hana gogo hata moja la kuuza. Wengi walifilisika kwa sababu ya majira moja yaliyokuwa ya joto kupita desturi. Udhaifu wa pili ni kwamba sleji zilifaa kwa umbali mdogo tu. Msitu uliokuwa karibu na mto ulikatwa kwanza, ukaisha. Na msitu uliokuwa mbali ulisimama salama, kwa kuwa gharama ya kuvuta magogo ilishinda bei yake.

Watu walijaribu njia nyingine. Fundi mmoja wa mji wa Manistee, jina lake Silas Overpack, alitengeneza magurudumu makubwa mno, yenye kimo cha futi 9 au 10, mawili kwa kila gari. Magogo yalifungwa kwa minyororo chini ya ekseli, vichwa vyake vikainuliwa, na mikia yake ikaburuzwa. Gari hilo lilifanya kazi hata wakati usio wa theluji. Lakini lilikwenda polepole, tena halikufaa kwa safari ya maili nyingi.

Winfield Scott Gerrish alizaliwa mwaka 1849 katika jimbo la Maine, mashariki mwa Marekani, ambako watu walikuwa wakikata misonobari tangu zamani. Alipokuwa mtoto aliletwa Michigan, akalelewa kando ya mto Muskegon. Hakuijua kazi ya magogo kwa kuisoma. Aliijua kwa mikono yake. Alianza shughuli zake mwenyewe angali kijana, na kabla hajatimiza miaka thelathini alikuwa amekwisha kujulikana kuwa mtu asiyeogopa kazi ambayo wengine wameikataa.

Yeye na wenziwe walikuwa na msitu mzuri wa misonobari katika wilaya ya Clare, karibu na ziwa dogo liitwalo Lake George. Lakini kutoka msitu huo mpaka mto Muskegon kulikuwa na maili kadhaa. Kwa sleji, kazi ilikuwa ngumu hata katika mwaka wa theluji nyingi. Katika mwaka wa theluji haba haikuwezekana kabisa. Basi Gerrish alikuwa kama mtu aliye na ghala iliyojaa nafaka, naye amepotelewa na ufunguo.

Mwaka 1876 Wamarekani waliadhimisha miaka mia ya uhuru wao kwa maonyesho makubwa katika mji wa Philadelphia. Vitu vya namna nyingi vilionyeshwa huko, na mitambo ya mvuke hasa. Husimuliwa kwamba Gerrish alikwenda kuyaona maonyesho hayo, na kati ya mashine zote akasimama mbele ya injini ndogo ya gari la moshi, iliyotengenezwa na kiwanda cha Baldwin. Maelfu ya watu walipita mbele ya injini hiyo, nao waliona injini. Gerrish aliona njia ya kuyatoa magogo yake. Hapo ndipo ilipo tofauti ya macho na akili: macho ya watu wengi huona kitu kile kile, bali akili ya mtu mwenye shida na haja ndiyo huuliza, "Kitu hiki kingenisaidia nini?"

Reli haikuwa jambo geni katika Marekani wakati ule. Treni zilikuwa zikichukua abiria na mizigo kutoka mji hata mji. Lakini reli ya namna hiyo ilijengwa ili idumu. Kujenga reli inayoingia msituni, ambayo itakuwa haina kazi siku miti itakapokwisha, lilikuwa jambo la kutisha. Chuma ni ghali, injini ni ghali, na mataruma na matuta yataka wafanya kazi wengi. Mtu atoaye fedha zake kwa kazi hiyo lazima apige hesabu: je, magogo yatakayopita juu ya reli hii yatalipa gharama yake kabla msitu haujaisha? Gerrish alipiga hesabu hiyo pamoja na washiriki wake, akaona italipa. Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga. Basi wakaanza kazi.

Reli ilijengwa kutoka Lake George mpaka ukingo wa mto Muskegon, urefu wake kama maili 7. Ikaitwa Reli ya Lake George na Mto Muskegon. Mwezi wa Januari mwaka 1877 treni ya magogo ilianza kwenda.

Na majira ya baridi ya mwaka huo yalikuwaje? Theluji ilikuwa haba. Katika kambi nyingi za Michigan sleji zilisimama, farasi wakala bure, na wenye magogo wakatazama mbingu kila asubuhi kama mkulima angojaye mvua. Treni ya Gerrish haikungoja mbingu. Ilikwenda na kurudi, ikashusha magogo mtoni siku baada ya siku. Maji ya mto yalipojaa, yeye alikuwa na magogo mengi ya kuyatia majini wakati jirani zake walikuwa na machache. Nanyi mwajua desturi ya soko: kitu kikiadimika, bei yake hupanda.

Tuseme kidogo kwa nini reli huvuta mzigo mzito kwa urahisi. Gurudumu la gari la farasi likipita katika matope huzama, na kila hatua ni kama kupanda kilima kidogo. Hata katika barabara ngumu kuna mawe na mashimo. Lakini gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halizami wala halirushwi. Uso mgumu umekutana na uso mgumu, nao umelala sawasawa. Kwa hiyo nguvu inayopotea ni ndogo, na nguvu iliyobaki yote huvuta mzigo. Mataruma yaliyo chini ya reli hugawa uzito juu ya udongo, ili reli isididimie. Tena injini haihitaji theluji wala haichoki kama farasi. Yahitaji maji na moto, na katika msitu vyote viwili vilipatikana bure. Vipande vya miti visivyofaa kwa mbao vilikuwa kuni za injini.

Kwa hiyo reli iliondoa udhaifu wote wawili tuliousema. Kazi ya kuvuta magogo iliwezekana kiangazi na wakati wa baridi, na msitu wa mbali ukawa karibu. Katika mwaka 1879 Gerrish alitia katika mto Muskegon magogo yaliyotosha kupasuliwa futi za mbao zaidi ya milioni 100. Futi moja ya mbao, katika hesabu ya Wamarekani, ni kipande chenye urefu wa futi 1, upana wa futi 1 na unene wa inchi 1. Gerrish hakuwa mtu wa kwanza kabisa kufikiria reli ya magogo, maana wengine walikuwa wamejaribu kabla yake. Lakini kufanikiwa kwake kulionekana na watu wote katika mwaka ambao wengine walishindwa, na jambo lililoonekana halihitaji mashahidi. Katika miaka michache iliyofuata reli za magogo zilijengwa kwa makumi katika Michigan, na kutoka huko zikaenea katika majimbo mengine.

Gerrish mwenyewe hakuishi kuyaona yote hayo. Alifariki mwezi wa Mei mwaka 1882, umri wake miaka 33.

Kuna mtu mwingine wa Michigan ambaye hapana budi tumtaje, kwa kuwa aliiendeleza kazi hiyo. Jina lake ni Ephraim Shay, aliyezaliwa mwaka 1839 katika jimbo la Ohio, akapigana upande wa serikali katika vita vya Wamarekani wao kwa wao, kisha akaja Michigan kupasua mbao. Shay naye alitaka reli, lakini hakuwa na fedha nyingi. Alitengeneza reli za mbao, akavuta mabehewa kwa farasi. Penye mteremko ikatokea hatari: behewa lenye magogo lilikimbia kuliko farasi, likawagonga kwa nyuma. Akafikiri kutumia injini, lakini injini ya kawaida ilikuwa nzito mno, ikaziharibu reli zake, hasa penye kona.

Ili tuelewe alilolifanya Shay, yatupasa kujua injini ya kawaida ilivyo. Mvuke husukuma pistoni ndani ya silinda, na pistoni husukuma vyuma virefu vilivyofungwa moja kwa moja kwenye magurudumu makubwa. Magurudumu hayo yameshikamanishwa yakawa kama kitu kimoja kigumu. Yaenda mbio katika njia iliyonyoka na kulala sawa, lakini penye kona kali yataka kuendelea mbele, nayo huziminya reli au kuziacha. Shay alitenga nguvu na mwendo. Alizisimamisha silinda wima ubavuni mwa injini, zikazungusha mhimili mrefu uliolala kando ya magurudumu. Mhimili huo ulikuwa na viungo, kama mkono wa mtu ulivyo na kiwiko na kifundo, ukaweza kupinda injini ilipopinda. Na penye kila gurudumu la upande huo kulikuwa na gia, yaani magurudumu ya meno, yaliyopeleka nguvu ya mhimili. Hivyo magurudumu yote yalivuta pamoja, uzito ukagawanyika juu ya mengi madogo, na injini ikapita penye kona kali na vilima ambavyo injini nyingine hazikuweza.

Injini ya Shay haikwenda mbio, lakini ilifika. Hati ya serikali ya kuulinda uvumbuzi wake aliipata mwaka 1881, na kiwanda kimoja katika mji wa Lima, Ohio, kikaanza kuzitengeneza. Mpaka mwaka 1945, ilipotengenezwa ya mwisho, injini za namna hiyo zilikuwa zimezidi 2,700. Shay alipokuwa mzee alikaa katika mji wa Harbor Springs, akajenga huko reli yake ndogo ya magogo, akautengenezea mji maji ya mabomba, na wakati wa Krismasi akawaundia watoto wa mji mamia ya sleji za kuchezea. Alifariki mwaka 1916.

Mpaka hapa habari ni njema. Lakini hesabu ya jambo haiishi mahali faida inapoishia. Tuliona kwamba udhaifu wa sleji uliwaumiza wakata miti. Udhaifu ule ule, bila mtu kukusudia, uliulinda msitu. Msitu uliokuwa mbali na mto ulisalimika kwa kuwa haukufikika. Mwaka usio na theluji ulikuwa mwaka wa miti kupumzika. Reli ilipouondoa udhaifu huo, ilikiondoa pia kizuizi. Sasa hapakuwa na mahali palipo mbali, wala majira yasiyo ya kazi. Tena aliyekwisha kutoa fedha kununua injini na reli hakuweza kuziacha zikae bure. Deni lilimlazimisha kukata upesi zaidi. Miti iliyochukua miaka 200 na zaidi kukua iliisha katika muda wa maisha ya mtu mmoja.

Wengi walisema misonobari ya Michigan haiwezi kwisha. Kufika mwaka 1900 sehemu kubwa ilikuwa imekwisha. Reli za msituni ziling'olewa, zikapelekwa kwingine. Katika Muskegon viwanda vilifungwa kimoja baada ya kingine, na wenye mali wengi wakahama. Mmoja wao, Charles Hackley, hakuhama. Alisema mali aliyoipata mjini inafaa irudi mjini, akaujengea mji maktaba iliyofunguliwa mwaka 1890, akasaidia shule na hospitali, na kuvuta viwanda vya kazi nyingine vije. Mji ulisalimika, lakini haukusalimishwa na miti. Ulisalimishwa na watu waliokubali kuanza upya.

Mashamba hayakuwa na bahati hiyo. Ardhi ya misonobari ilikuwa ya mchanga katika sehemu nyingi. Walowezi walioinunua ili walime walivuna kidogo, wakaiacha. Tena wakata miti walichukua shina tu, wakaacha matawi na vilele vimelala chini. Takataka hizo zilikauka, na cheche moja, ya mkulima achomaye visiki au ya injini ipitayo, ilitosha kuwasha nchi. Mwezi wa Septemba mwaka 1881 moto uliteketeza mashariki mwa Michigan, watu zaidi ya 200 wakafa. Mwezi wa Oktoba mwaka 1908 moto ulikizunguka kijiji cha Metz. Watu walikimbilia treni wapate kuokoka. Lakini joto lilikuwa limezipinda reli, treni ikakwama katikati ya moto, na watu kadhaa, wengi wao wanawake na watoto, wakafia ndani ya behewa. Reli, iliyoletwa iutoe mti msituni, haikuweza siku hiyo kumtoa mtu motoni.

Ndipo watu wa Michigan walipogeuka. Mwaka 1903 serikali ya jimbo ilianza kutenga ardhi kuwa msitu wa hifadhi na kuotesha miche. Kuanzia mwaka 1933 mpaka mwaka 1942 vijana waliokosa kazi waliajiriwa na serikali ya Marekani, nao wakapanda miche kwa mamia ya mamilioni katika jimbo hilo. Leo sehemu kubwa ya kaskazini mwa Michigan ina msitu tena. Lakini msitu huo si ule wa kale. Mahali pamoja pajulikanapo sana ambapo misonobari ya kale imesalia ni Hartwick Pines. Mwanamke mmoja, Karen Hartwick, aliwapa watu wa jimbo hilo ardhi hiyo mwaka 1927, ikiwa na ekari 85 za miti ambayo haijapata kukatwa. Mwaka 1940 dhoruba iliangusha mingi, na ekari zilizobaki ni kama 49. Mtu huweza kuzizunguka kwa miguu katika muda mfupi.

Je, tumwite Gerrish mtu mwema au mtu mharibifu? Swali hilo si la kujibiwa haraka. Alikuwa mtu wa bidii na maarifa; aliona shida, akaitafutia dawa, akathubutu kutia fedha zake mahali pa hatari. Watu walipata kazi, na familia maelfu zilipata nyumba. Si yeye peke yake aliyeumaliza msitu. Kosa lilikuwa la watu wote walioutazama msitu wakaona mbao, wasione kwamba mbao hutoka katika mti, na mti hutoka katika mche ambao lazima mtu, au asili yenyewe, aupe nafasi na miaka. Chombo kipya humwongezea mtu nguvu, hakimwongezei busara. Busara yapasa mtu aitafute mwenyewe, tena aitafute mapema, wakati miti ingali imesimama.

Nasi tulio na misitu milimani, na chemchemi zinazotoka katika misitu hiyo, twaweza kujifunza bila kulipa gharama waliyolipa watu wa Michigan. Anayekata mti mmoja na apande zaidi ya mmoja. Na kabla ya kufurahia chombo kiwezacho kukata upesi, na apige hesabu ya kwanza, ile ya faida, kisha na ya pili: ni nini kitakachobaki kwa watoto wake?

MASWALI

1. Kwa nini magogo yalivutwa wakati wa theluji, na kwa nini maji yalimwagwa njiani usiku?
2. Eleza udhaifu wa namna mbili uliokuwa katika kazi ya sleji.
3. Gerrish aliona nini katika injini ya Philadelphia ambacho wengine hawakukiona?
4. Kwa nini gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huvuta mzigo mzito kwa urahisi?
5. Injini ya Shay ilitofautianaje na injini ya kawaida?
6. "Udhaifu wa sleji uliulinda msitu." Eleza maana ya maneno haya.
7. Katika sehemu mnayokaa, ni miti gani iliyokuwa mingi zamani na sasa imekuwa adimu? Waulizeni wazee, kisha andikeni habari zake.